Si ukubwa wa sumaku, ni muda wa kutulia

Ukimwuliza mtu aliyewahi kuingizwa ndani ya mashine ya MRI akusimulie yaliyomkuta, jambo la kwanza atakalokutajia ni makelele. Atakwambia mashine ilikuwa ikigonga na kunguruma mithili ya mafundi bati watatu juu ya paa moja. La pili atakutajia bei. Lakini ukimwuliza mashine ile ilikuwa inapima nini hasa mwilini mwake, wengi watababaika, na baadhi watajibu kwamba ilikuwa inawapiga mionzi. La hasha! MRI haitumii eksirei hata chembe. Inachopima, kwa sehemu kubwa, ni muda. Inapima muda ambao vitu vidogo kupita kiasi, vilivyomo ndani ya maji ya mwili wako, huchukua kutulia baada ya kushtuliwa.

Huo muda wa kutulia ndio niliokusudia kuuzungumzia wiki hii. Najua wapo watakaosema: pilipili usiyoila yakuwashia nini? Hayo ni mambo ya maprofesa, sisi yanatuhusu vipi? Yanatuhusu sana. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki bado tuko katika kazi ya kuchagua mashine gani zinunuliwe, ziwekwe wapi na ziendeshwe na nani. Anayechagua bila kujua kilichomo ndani huchagua kwa kutazama ukubwa. Na katika jambo hili, ukubwa peke yake unaweza kumpoteza.

Tuanze mwanzo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu mzima ni maji, na kila chembe ya maji ina atomi mbili za haidrojeni. Katikati ya kila atomi hiyo kuna protoni moja. Protoni ina tabia ya asili ambayo wanasayansi huiita spini. Ni kana kwamba inajizungusha yenyewe wakati wote, na kwa sababu hiyo inakuwa kama kisumaku kidogo. Elektroni, ile chembe inayotupatia umeme majumbani, nayo ina spini, na usumaku wake ni karibu mara 658 ya ule wa protoni. Naomba uikumbuke tarakimu hiyo, maana tutairudia.

Ukiviweka visumaku hivi karibu na sumaku kubwa, haviigandi kama msumari. Huyumba. Umewahi kumwona mtoto akichezesha pia? Pia inazunguka kwa kasi, lakini kichwa chake kinayumba polepole kwa duara. Protoni hufanya vivyo hivyo, na jinsi sumaku inavyokuwa na nguvu ndivyo mpigo wa kuyumba unavyokuwa wa kasi. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa tesla. Katika tesla 1 protoni huyumba karibu mara milioni 42.6 kwa sekunde, yaani megahezi 42.6.

Sisi watu wa redio lugha hiyo tunaifahamu. Mashine ya tesla 1.5, ambayo ni ya kawaida katika hospitali kubwa duniani, hufanya kazi kwenye megahezi 64, chini kidogo ya masafa ya FM yanayoanzia 88. Ya tesla 3 hufanya kazi kwenye megahezi 128, juu ya FM. Na mashine ndogo ya tesla 0.05, ambayo tutaizungumza baadaye, hufanya kazi kwenye megahezi 2 na kidogo, jirani kabisa na mawimbi ya kati ambayo wazee wetu walisikilizia taarifa za habari. Kwa ufupi, MRI ni sumaku pamoja na kituo cha redio. Kituo hicho hurusha wimbi kwa muda mfupi sana, na wimbi hilo huzishtua protoni na kuziyumbisha kwa pamoja. Halafu chenyewe hunyamaza na kusikiliza. Zile protoni nazo, kwa kuwa zinayumba pamoja, hutoa sauti yao hafifu ya redio, na sauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa picha.

Sauti hiyo haidumu. Baada ya kituo kunyamaza mambo mawili hutokea, na kila moja lina muda wake. Fikiria gwaride la askari uwanjani siku ya sikukuu ya taifa. Ngoma inapigwa, miguu mia mbili inashuka kama mguu mmoja, na kishindo chake kinasikika hadi nje ya uwanja. Sasa ngoma ikome ghafla huku askari wakiendelea kutembea. Mwenye miguu mirefu atatangulia, mfupi atachelewa, na baada ya kitambo kila mmoja atakuwa na hatua yake. Hakuna aliyechoka wala aliyeketi, lakini kishindo kimekwisha kwa sababu miguu haishuki tena pamoja. Huko ndiko kupotezana hatua, na muda wake wataalamu huuita T2.

Baadaye askari mmoja mmoja huchoka na kurudi kuketi kwenye benchi. Huko ndiko kutulia kwenyewe: protoni hutua mzigo wa nguvu iliyoupokea kutoka kwa wimbi la redio na kujipanga tena sambamba na sumaku. Muda huo huitwa T1. Ndani ya mwili, siku zote gwaride hupotezana hatua kabla askari wote hawajaketi, kwa hiyo T2 huwa fupi kuliko T1.

Faida yake kwa daktari ni kwamba kila sehemu ya mwili ina muda wake. Katika mashine ya tesla 1.5, sehemu ya kijivu ya ubongo ina T1 ya takribani sekunde moja. Mafuta yana kama robo ya sekunde. Maji safi yanayouzunguka ubongo yanachukua takribani sekunde nne. Mashine ikiuliza mapema, mafuta yamekwisha kutulia na maji bado. Ikiuliza kwa kuchelewa, hali inakuwa nyingine. Kwa kuchagua saa ya kuuliza, mtaalamu huchagua nini king'ae na nini kiwe cheusi.

Mwenye kupenda kudadisi atauliza: hao askari wanapotezana hatua kwa sababu gani? Sababu ziko mbili, na tofauti yake ni muhimu. Ya kwanza ni kwamba hakuna sumaku ya mkono wa binadamu iliyo na nguvu sawasawa kila mahali. Protoni iliyo mahali penye nguvu zaidi huyumba kwa kasi zaidi, daima. Ya pili ni misukosuko ya majirani, ambayo haina mpango wala ratiba.

Mwaka 1950 Mmarekani Erwin Hahn, akiwa Chuo Kikuu cha Illinois, alionyesha kwamba sababu ya kwanza inaweza kufutwa. Nitatoa mfano wa hapa kwetu. Daladala kumi zinaondoka Kariakoo kwa wakati mmoja, kila moja na mwendo wake. Baada ya dakika ishirini zimetawanyika barabara nzima. Sasa zote ziamriwe, kwa dakika ileile, zigeuze na kurudi kwa mwendo uleule. Ile ya kasi ilikuwa imefika mbali, kwa hiyo ina safari ndefu ya kurudi. Ya polepole ilikuwa karibu. Baada ya dakika ishirini nyingine zote zinaingia Kariakoo kwa pamoja! Hahn alifanya hivyo kwa kurusha wimbi la pili la redio, na sauti ya protoni iliyokuwa imekufa ikafufuka. Huitwa mwangwi wa spini, na hadi leo picha nyingi za MRI hupigwa kwa mwangwi huo. Lakini daladala iliyokuwa ikisimama ovyo kila ilipopungiwa mkono na abiria haitarudi kwa wakati. Hiyo ndiyo sababu ya pili, na hiyo haifutiki. T2 ya kweli ni kipimo cha misukosuko hiyo.

Na jirani mwenye misukosuko kuliko wote ni elektroni. Hapa ndipo ile tarakimu ya 658 inapohitajika. Kwa kawaida elektroni hukaa mbili mbili, spini ya moja ikiifuta ya mwenzake. Elektroni ikikosa mwenzake, usumaku wake wote unabaki wazi na kuwavuruga jirani zake. Mwaka 1936, nchini Marekani, Linus Pauling na Charles Coryell waligundua kwamba damu iliyokwisha kuacha oksijeni ina elektroni za namna hiyo, na damu yenye oksijeni haina. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa katika maabara za Bell, walionyesha kuwa tofauti hiyo inaonekana kwenye MRI, maana damu isiyo na oksijeni huzifanya protoni za jirani zipotezane hatua haraka. Kutokana na ugunduzi huo, leo wataalamu wanaweza kuona ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi mtu anapofikiri au kuzungumza.

Kadhalika ile dawa ambayo wagonjwa wengine huchomwa mshipani kabla ya picha huwa na metali iitwayo gadolini, yenye elektroni 7 zisizo na wenzake. Zipo metali nyingine za ukoo uleule zenye elektroni pweke, lakini spini zao hutulia kwa kasi mno kiasi kwamba protoni ya jirani haipati muda wa kuguswa. Za gadolini hukawia kidogo, na kukawia huko ndiko kunakoifanya iwe bora kwa kazi ya kuzituliza protoni upesi. Popote dawa ilipofika, picha inang'aa. Tahadhari moja nitaitoa hapa kwa manufaa ya umma: kuanzia mwaka 2006 ilifahamika kwamba baadhi ya dawa hizo zinaweza kuwadhuru watu wenye figo zilizoharibika sana. Kama una matatizo ya figo, mwambie daktari kabla hujachomwa. Na kama una chuma chochote mwilini, au kifaa cha kusaidia moyo, mwambie kabla hujaingia chumbani.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana historia ya jambo hili ina somo. Waliotafuta muda wa kutulia hawakuwa wakifikiria hospitali. Katika miaka ya 1930, Cornelis Gorter wa Uholanzi alikuwa akichunguza jinsi spini za elektroni zinavyotulia ndani ya chumvi. Alijaribu pia kuzisikia spini za viini vya atomi, mwaka 1936 na tena mwaka 1942, akashindwa mara zote mbili. Sababu mojawapo ni kwamba vitu alivyovipima vilikuwa na muda mrefu mno wa kutulia. Mwaka 1944, katikati ya Vita Kuu ya Pili, Yevgeny Zavoisky wa mji wa Kazan katika Urusi ya Kisovieti akafaulu kuzisikia spini za elektroni. Mwishoni mwa mwaka 1945 na mwanzoni mwa 1946 makundi mawili ya Marekani, la Edward Purcell na la Felix Bloch, yakazisikia protoni. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952.

Kisha akatokea kijana wa Kiholanzi, Nicolaas Bloembergen, aliyekwenda Marekani baada ya vita akafanya kazi na Purcell. Yeye alieleza kwa nini spini hutulia haraka mahali pamoja na polepole mahali pengine, na mwaka 1948 akaiwasilisha kazi hiyo kuwa tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi. Jina la Leiden nalo tulihifadhi.

Hospitali ziliingia baadaye. Mwaka 1971 Raymond Damadian wa New York alitangaza kwamba uvimbe wa saratani katika panya una muda mrefu wa kutulia kuliko nyama ya kawaida. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, naye Mmarekani, akaonyesha njia ya kupata picha, na Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, akaongeza mbinu zake. Lauterbur na Mansfield walipata Nobel mwaka 2003. Damadian aliachwa, akanunua kurasa nzima za magazeti kulalamika.

Lakini mimi nataka tutazame zaidi Aberdeen, kule Scotland. Profesa John Mallard alikuwa ametumia miaka ya 1960 kutafuta dalili za saratani kwa spini za elektroni. Baadaye yeye na wenzake wakageukia protoni, wakatengeneza mashine yao wenyewe. Tarehe 28 Agosti 1980 walimlaza mgonjwa ndani yake, na picha ikaonyesha uvimbe kifuani, ini lisilo la kawaida na saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Picha hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya mwili mzima kumfaa daktari katika kumchunguza mgonjwa. Na sumaku yao ilikuwa na nguvu gani? Tesla 0.04 tu.

Baada ya hapo mbio zikaanza. Viwanda vikapanda hadi tesla 1.5, kisha 3. Sababu ilikuwa ya haki. Katika tesla 1.5, kwa kila protoni milioni moja, ni tano hivi tu zinazozidi upande mmoja na kuweza kusikika; nyingine zinafutana. Katika tesla 0.05 ni kama moja katika milioni sita. Sauti inakuwa hafifu mno. Sumaku kubwa huleta sauti kubwa, na sauti kubwa huleta picha kali kwa muda mfupi. Hilo halina ubishi.

Ubishi uko kwenye gharama ya kuilea sumaku hiyo. Nyaya zake hupozwa kwa heliamu ya maji, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri, na katika mashine nyingi heliamu hiyo ni lita elfu na zaidi. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mtambo wa kupoza husimama na heliamu huanza kuchemka na kupotea. Inahitaji chumba maalumu, sakafu ya kubeba tani kadhaa, na fundi aliyesomea kazi hiyo. Fundi akiwa ng'ambo na vipuri vikiwa bandarini, mashine ya mabilioni hugeuka pambo, na mgonjwa huambiwa arudi mwezi ujao.

Sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Nguvu ya sumaku haibadilishi sauti tu, inabadilisha pia muda wa kutulia. Fikiria mtoto kwenye bembea. Ukitaka kuiongeza au kuipunguza kasi yake lazima uisukume kwa mpigo wake. Ukisukuma ovyo hupati kitu. Protoni nayo, ili iutue mzigo wake, inahitaji kutikiswa na majirani kwa mpigo wake yenyewe. Maji yaliyoshikamana na nyama ya mwili hutikisika polepole, na mpigo wa protoni katika sumaku ndogo nao ni wa polepole. Wawili hao wanaelewana, na protoni inatulia upesi. Katika sumaku kubwa mpigo wa protoni ni wa kasi, majirani hawaufikii, na kutulia kunachukua muda. Maji yaliyo huru, kama yale yanayouzunguka ubongo, hutikisika kwa kasi isiyo na kifani, kwa hiyo kwao sumaku ndogo au kubwa ni mamoja.

Matokeo yake ni haya. Katika tesla 0.05, T1 ya sehemu ya kijivu ya ubongo hushuka kutoka sekunde moja hadi theluthi moja ya sekunde hivi. Ya maji hubaki karibu palepale, sekunde tatu na nusu hadi nne. Kwa maneno mengine, tofauti kati ya ubongo na maji haipungui kwenye sumaku ndogo. Inaongezeka! Tena, kwa kuwa ubongo unatulia mapema, mashine inaweza kuuliza tena mapema, na maswali mengi yakijumlishwa hufidia kwa kiasi ule udhaifu wa sauti. Haba na haba hujaza kibaba.

Nani anahitaji kutofautisha ubongo na maji? Mtoto mwenye ugonjwa wa kichwa kikubwa, ambao maji hujaa kichwani na kuukandamiza ubongo. Kina mama wa Afrika Mashariki wanaujua ugonjwa huu, na wanayajua macho ya watu kwenye basi. Mjini Mbale, Uganda, hospitali ya watoto ya CURE imewafanyia upasuaji watoto wengi wa aina hii tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mtoto wa namna hiyo hupigwa picha kabla ya upasuaji, na tena baada yake, pengine mara kadhaa. Kwa CT-Scan, kila picha ni eksirei nyingine juu ya ubongo unaokua. Na daktari wa upasuaji hahitaji kuona kila mshipa. Anataka kujua maji yako wapi, ni kiasi gani, na ubongo umebaki kiasi gani.

Kwa ajili ya swali hilo, wanasayansi wa Marekani, Uholanzi na Uganda waliungana. Upande wa Uganda wamo Dk. Johnes Obungoloch na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Upande wa Uholanzi wamo watu wa Leiden, mji uleule ulioipokea tasnifu ya Bloembergen. Badala ya nyaya za kupozwa kwa heliamu walitumia sumaku za kudumu, vipande vidogo vingi vilivyopangwa kwenye pete 23 hivi kwamba nguvu zao zinakutana katikati. Sumaku ya aina hiyo haili umeme wala heliamu. Umeme ukikatika, yenyewe inabaki sumaku.

Vipande vyote na zana zake vilisafirishwa kwa ndege hadi Uganda bila kuunganishwa. Kwa mujibu wa taarifa yao iliyochapishwa mwaka 2023, wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwahi kufundishwa kazi hiyo walianza kupanga sumaku moja moja, wakazungusha nyaya, wakatengeneza kigari cha kuibebea. Kutoka siku mzigo ulipofika hadi picha ya kwanza zilipita siku kama 11. Nguvu yake ni tesla 0.05, jirani kabisa na ile 0.04 ya Aberdeen ya mwaka 1980.

Sitaki nieleweke vibaya. Simwambii mtu kwamba mashine kubwa hazina kazi. Uvimbe mdogo ndani ya uti wa mgongo, mshipa uliochanika kwenye goti, saratani inayoanza, hayo yanahitaji picha kali ambayo sumaku ndogo haiwezi kuitoa. Hospitali zetu kubwa za rufaa lazima ziwe na mashine hizo, na lazima zitunzwe. Wala sumaku ndogo peke yake haiponyi. Bila daktari wa upasuaji, muuguzi na mtaalamu wa kuisoma picha, ni bati tu. Ninachopinga ni ile tabia ya kuuliza swali moja: ina tesla ngapi? Swali la kwanza liwe: mgonjwa wetu ana tatizo gani, na mashine gani inaweza kulijibu leo, kesho, na siku ambayo umeme haupo?

La pili ni elimu. Tazama waliounganisha ile mashine ya Mbarara. Siku ikiharibika hawatasubiri mgeni ashuke uwanja wa ndege, kwa sababu kila pete waliipanga kwa mikono yao. Huo ndio utajiri wenyewe. Vyuo vyetu vinatoa wahandisi na wanafizikia kila mwaka, na wengi wao huishia kwenye kazi zisizohusiana na walichosomea. Katika kila mkataba wa kununua mashine kubwa, kwa nini kisiwekwe kifungu kwamba vijana wetu kadhaa wafundishwe kuifungua na kuifunga? Na kwa nini somo la fizikia lifundishwe mashuleni kama maneno ya kukariri, wakati pia ya mtoto na bembea ya uwanjani vinatosha kulianza?

La tatu nawaambia wazazi. Mwanao akikwambia anataka kusomea spini za elektroni, usimcheke. Gorter, Zavoisky na Bloembergen hawakujua kwamba walikuwa wakimtafutia dawa mtoto wa Mbale. Walitaka tu kujua kitu kilichoshtuliwa huchukua muda gani kutulia. Mdharau mwiba mguu huota tende, na anayedharau maarifa madogo hujikuta akinunua kwa mabilioni kitu ambacho wenzake wanakiunganisha kwa siku 11.

Sumaku ya dunia hii tunayoikanyaga hapa Afrika Mashariki ni dhaifu mno. Ile ya Mbarara ni zaidi ya mara elfu moja yake, na ya hospitali kubwa ni zaidi ya mara elfu 40. Lakini maji ya mtoto mgonjwa yanahitaji kuonekana, na sumaku ndogo imethibitisha kwamba inaweza kuyaonyesha. Walio na madaraka ya kununua na wanisikie katika hilo.

Hadi wiki ijayo, panapo majaaliwa, kwaheri ya kuonana.